Maharage ya Manjano Kwenye Mnada

Mama Tania ni mtu wa kanuni, na ukiwa na jirani wa kanuni shambani utachoka kabla jembe halijachoka. Viwanja vyetu vinapakana katika bustani ya kaunti pale Lanham, huku Marekani, waya wa kuzuia sungura ukiwa katikati. Changu kina sukuma wiki, managu na magugu. Chake kina maharage tu, na hakuna gugu linalothubutu. Jina lake hasa ni Spéciose, lakini kwetu aliyezaa huitwa kwa mtoto, kwa hiyo yeye ni Mama Tania na mimi ni Mama Ryan. Jina langu la Wambura hulitumia mama yangu tu, kwenye simu, siku ana la kunigombeza.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Wakenya wenzangu wakiniona nimenuna husema ni kabila. Si kabila. Ni zamu za kuwageuza wazee kitandani kwenye nyumba ya wazee kule Laurel, ni masomo niliyoyaanza nikiwa na mvi ili niwe nesi kamili, na ni Mama Tania.

Maharage yake yalitoka milima ya Kabare, Kongo ya mashariki. Kule kwao mwanamke hapandi maharage ya aina moja. Hupanda mchanganyiko: mekundu, meupe, meusi, yenye mistari ya zambarau, ya manjano, yote katika shamba moja, na mchanganyiko huo binti huupokea kwa mama, naye mama aliupokea kwa bibi. Vita vilipofika, Mama Tania alikimbia na mtoto mgongoni na mfuko wa mbegu kifuani. Mama yake hakuwahi kutoka, na shamba lile leo hii halina mkulima. Miaka yote ya kambini, Nyarugusu huko Tanzania, aliyapanda nyuma ya hema ili mbegu isife. Yaliingiaje Marekani sijui, na wa forodha akiniuliza nitamjibu vivyo hivyo. Ninachojua ni kwamba hayakubaki mahali pengine popote duniani. Ni hayo ya Lanham, basi.

Na hayo ya Lanham yalikuwa yanakwisha.

Mwaka wa kwanza alipoyapanda, mimi nilisimama kwenye waya nikashangaa. Mwezi wa nane maganda ya kwanza yalishakauka, na ukiyapasua unapata rangi zote, watoto wakidhani ni peremende. Mwaka uliofuata yalichelewa kidogo. Uliofuata tena, yakachelewa zaidi, na rangi zikapungua. Ilipofika mwaka wa nne, mwezi wa kumi ulikuwa unaisha na karibu mashina yake yote bado yalikuwa mabichi, marefu, yamejaa majani kama ya kujionyesha, maganda yakiwa laini. Kisha jalidi ikaanguka, ule umande unaoganda, na asubuhi yake kila kitu kilikuwa cheusi. Alichookoa kilienea kwenye viganja viwili. Karibu yote yalikuwa mekundu makubwa, yale ya mwisho kabisa kukomaa.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja akasema udongo umechoka. Mwingine akasema ni mbolea ya dukani. Bibi mmoja Mrundi akasema kuna jicho la mtu, akaniangalia mimi. Mama Tania mwenyewe alikuwa na yake, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira kuliko zote. Alisema Mungu haridhiki. Alisema malimbuko yake yamekuwa madogo.

Hapa lazima nieleze. Kambini, Mama Tania aliweka nadhiri: Mungu akimpa udongo wake wa kulima, yatakayotangulia kukomaa kila mwaka ni ya Mungu. Si sehemu ya yatakayotangulia, yote. Kanisa letu, pale pale Lanham, lina Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania wachache, na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa ndiyo ya malimbuko. Watu huleta nyanya, maboga, mayai, wavivu huleta mkate. Ibada ikiisha panakuwa na mnada. Hilo tulilileta sisi wa Kenya na wa Tanzania: kilichotolewa madhabahuni hunadiwa ukumbini, anayetaka anakinunua, fedha inaingia kanisani. Mzee Mutai ndiye mnadi wetu, na sheria yake ni moja, kwamba aliyetoa hanunui alichotoa. Wakongo walishangaa mwanzoni, kuona sadaka ikipigiwa kelele kama mbuzi sokoni. Siku hizi wao ndio wanaopandisha bei.

Kila mwaka Mama Tania alileta kikapu cha maharage, kimejaa hadi mdomoni, na mavuno yalipopungua alileta kikapu kidogo zaidi, nacho kimejaa. Kikapu lazima kijae, hiyo nayo ni kanuni. Na kila mwaka aliyekinunua alikuwa yule yule, Evariste, ambaye sisi humwita Papa Didier, msimamizi wa usafi wa ofisi fulani kule Arlington. Naye ni wa Kabare. Alikuwa akiyapeleka nyumbani, mkewe anayapika kwa mawese, na siku hiyo hataki simu wala mgeni.

Sasa nirudi kwenye masomo yangu. Muhula wa vuli ulipoanza, Profesa Sebastian, mwalimu wetu wa biolojia, alimpa kila mwanafunzi mada ya kuieleza darasani. Mimi nikapewa hii: nadharia ya mageuzi ilizaliwaje. Nilinuna. Mchungaji wetu akilitaja jina la Darwin hulitaja kama jina la ugonjwa. Lakini bila biolojia hakuna unesi, na penye nia pana njia. Nikawa nasoma ndani ya gari, mapumziko ya zamu, sambusa mkononi.

Nilitegemea nyani. Nikakuta njiwa. Huyo Darwin, baada ya kuzunguka dunia kwa meli na kurudi kwao Uingereza, alikaa miaka na wafugaji wa njiwa. Alifuga wa kwake, akajiunga na vyama vyao, akawauliza maswali hadi nadhani walimchoka. Alichokuwa anakitafuta ni hiki. Mfugaji anayetaka njiwa wa mkia mpana haombi, hasemi uchawi. Anawaacha wazae wenye mkia mpana zaidi, wengine anawaondoa. Mwaka hadi mwaka kundi linageuka, bila njiwa mmoja kujua. Mkono unaochagua nani abaki ndio unaolifinyanga kundi. Kisha akajiuliza: huko porini ambako hakuna mkono, nani anachagua? Akaona kwamba viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kinavyotosha, na baridi, njaa na maradhi huondoa. Anayebaki ndiye anayezaa, na mtoto hufanana na mzazi. Hakuna zaidi ya hapo. Ndiyo uteuzi wa asili wenyewe, uliotutia hofu kanisani.

Sambusa ilisimama njiani. Akilini nilimwona Mama Tania na kikapu chake.

Zamu ilipokwisha sikwenda nyumbani, nilikwenda bustanini na sare yangu ya kazi. Alikuwa ameinama anafunga mashina kwenye miti. Nikamuuliza, bila hata salamu ya maana, mwaka ule wa kwanza ni maharage gani yaliyotangulia kukauka. Akasema ya manjano, kisha meupe madogo. Nikamuuliza yalikwenda wapi. Akaniangalia kama niliyelewa, akasema kanisani, kwani mimi sikuwepo? Na ya kupanda ulitoa wapi? Akasema kwenye yaliyobaki, yale ya mwezi wa kumi. Na mwaka uliofuata? Hivyo hivyo. Na uliofuata? Hapo akaacha kufunga.

Nikamweleza pale pale, kwenye waya. Kule Kabare hakuna jalidi. Linalowahi na linalochelewa yote hukomaa, kwa hiyo mama yake angeweza kutoa ya kwanza yote maisha yake yote na mchanganyiko usidhurike. Huku si hivyo. Huku yeye alikuwa anaondoa yaliyowahi, yote, hadi kikapu kijae, na kupanda watoto wa yaliyochelewa. Mkono wake ulichukua ya mbele, jalidi ikachukua ya nyuma, na katikati hakikubaki kitu. Hakuna jicho la mtu. Hakuna udongo uliochoka. Ni kuchagua tu, mwaka hadi mwaka, kama wale wafugaji na njiwa wao, isipokuwa wao walijua wanachokitafuta.

Alisikiliza hadi mwisho, lazima nimpe haki yake. Kisha akaniuliza ni nani kanifundisha. Nikamtaja Darwin, nikajuta, maana alikaza midomo. Basi nikamweleza habari za yule wa pili, Wallace, ambaye watu hawamtaji. Huyu alikuwa mtu asiye na kitu, anakusanya ndege na wadudu nchi za mbali ili awauze. Alikaa Amazoni miaka minne, na wakati wa kurudi meli ikashika moto katikati ya bahari.

"Alipoteza vyote?" Mama Tania akauliza.

Karibu vyote, nikamwambia, akabaki na vichache alivyoviwahi. Akafika kwao, akakaa kidogo, akaondoka tena kwenda visiwa vya mashariki ya mbali kuanza upya. Huko akashikwa na homa, hii hii yetu ya vipindi, baridi na joto, na katikati ya homa akawaza nani hufa na nani hubaki, na kwa nini. Mimi nikiwa na malaria huwaza uji tu. Yeye akapata jambo lile lile ambalo Darwin alikuwa amelificha miaka kama ishirini. Akaliandika, akampelekea Darwin huyo huyo, bila kujua kwamba naye analo. Marafiki wa Darwin wakayasoma mawazo ya wote wawili siku moja, mbele ya wataalamu London, na wenyewe hawakuwepo: mmoja alikuwa bado visiwani, mwingine alikuwa amefiwa na mtoto mchanga.

Mama Tania aliinama tena mashinani. Kisha akasogeza majani na kunionyesha kitu. Katikati ya mashina marefu mabichi kulikuwa na shina moja fupi, majani yake yameanza kugeuka, na maganda yake yamekauka kabisa. Alilipasua ganda moja kidogo kwa ukucha. Ndani palikuwa na manjano.

Punje moja iliwahi kuponyoka katika kikapu, ndivyo ninavyofikiri, ikaingia kwenye mbegu ya mwaka uliotangulia. Shina moja katika shamba zima, na ilikuwa imebaki wiki moja kufika malimbuko. Nikamwambia hilo ndilo, hilo usiliguse, hilo ni la mbegu.

"Mama Ryan," akasema, "mi niliambia Mungu ya kwanza yote. Sikumuambia: isipokuwa kama iko moja. Kama ninamunyima hii sababu iko kidogo, basi ile mingi nilikuwa namupatia juu ya nini?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema Mungu hali maharage, anayekula ni Papa Didier. Akasema anajua anayekula ni nani, lakini anayepewa ni mwingine. Nikamkumbusha kwamba akilitoa, mbegu ya mama yake imekwisha, haya mekundu hayatakomaa kabla ya jalidi. Akasema analijua hilo sasa, nimemweleza vizuri, asante. Ahadi ni deni. Akaendelea kufunga mashina yake.

Nilipoondoka alinitaka nimwahidi jambo moja: kwamba kabla ya mnada nisiseme na mtu yeyote habari za maharage hayo. Mnada wa vitu vya Mungu haupangwi pembeni. Nikaahidi. Alijua nitanunua, na mimi nilijua anajua, na hakutaka kusikia neno.

Jumapili ile hakuleta kikapu. Alileta bakuli dogo la udongo, na ndani yake, chini kabisa, manjano kidogo yaliyoweza kuhesabiwa na mtoto wa chekechea. Watu walilitazama bakuli wakamwonea huruma. Wengine walidhani amefilisika. Alitembea hadi mbele mgongo umenyooka, akaliweka kati ya boga la mtu na trei ya mayai, akarudi kukaa.

Mnada ulianza na mayai. Mimi nilisimama karibu na meza nikiwa nimejiandaa, nikiamini nitataja bei moja nzuri na shughuli itaisha, maana nani atagombania konzi ya maharage? Nilisahau kanisa langu. Mzee Mutai alipoliinua bakuli tu, nikataja yangu. Papa Didier akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza, akitabasamu. Watu wakaanza kupiga makofi, kwa sababu Mkenya na Mkongo wakishindana ni burudani, na wengine wasiohusika kabisa wakaanza kuchangia upande huu na upande ule ili bei ipande, maana yote ni ya kanisa. Mama mmoja akaimba pambio. Nilitazama pochi yangu nikaona kwamba nitashindwa. Nilitazama mstari wa tatu nikamwona Mama Tania, macho sakafuni.

Nilikuwa nimeahidi kuhusu kabla ya mnada. Kuhusu katikati ya mnada hatukuahidiana kitu.

Nikainua mkono nikamwomba Mzee Mutai dakika chache. Akasema hapa ni mnada, si semina. Watu wakacheka. Nikasema semina yenyewe itakuwa fupi, na nikaanza kabla hajanikatalia. Niliwaeleza habari za njiwa na mikia yao, habari za Kabare kusiko na jalidi, na za Lanham kwenye jalidi. Niliwauliza kama wanakumbuka rangi za kikapu cha mwaka wa kwanza. Walikumbuka, nikasikia mtu nyuma akizitaja. Niliwauliza kama wameona zinavyopungua. Kisha nikamgeukia Papa Didier, nikiogopa kumuumiza mtu mzima mbele za watu.

"Papa Didier, kila mwaka umenunua yale yaliyowahi, ukayala, na hukukosea. Aliyetoa hakukosea, na kanisa halikukosea. Lakini yaliyowahi ndiyo yaliyokuwa yanaweza kuishi huku. Tumekula yanayoweza, tukapanda yasiyoweza. Haya yakiingia kwenye sufuria leo, hakuna mengine."

Hakuna aliyecheka tena. Papa Didier aliliangalia bakuli mikononi mwa Mzee Mutai muda mrefu.

"Mi nilikuwa nakula kwetu, Mama Ryan," akasema. "Kumbe hiyo kwetu ndiyo nilikuwa namaliza."

Akakaa. Mchungaji aliyekuwa amesimama mlangoni akaniuliza mambo hayo nimeyatoa wapi. Ningeweza kusema nimeyatoa shambani, na usingekuwa uongo kamili. Nikasema nimeyatoa chuoni, kwa Darwin na mwenzake Wallace. Mchungaji alikuna kidevu. Kisha akamwambia Mzee Mutai aendelee na mnada, bei ya mwisho ilikuwa ya Papa Didier, je, kuna anayeongeza? Nikaongeza kidogo, aibu imenijaa. Hakuna aliyenifuata. Mzee Mutai akagonga meza, na bakuli likawa langu.

Kwenye maegesho nilimfuata Mama Tania mbio, viatu vya kanisani vikinibana, nikampa bakuli. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilidhani mambo yamekwisha.

Alirudisha mikono nyuma. Akasema alichompa Mungu hakirudi mkononi mwake, si kwa kukinunua, si kwa kununuliwa na mwingine. Nikamwambia ni mbegu ya mama yake. Akasema anajua ni ya nani. Nikamwambia yeye ni kichwa ngumu. Akakubali. Akasema maharage ni yangu, niyapande au niyapike, ni shauri langu, na akaingia kwenye gari, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Jalidi ilianguka mwezi wa kumi ukielekea kwisha. Nilikwenda asubuhi nikamkuta anang'oa mashina meusi, maganda yakiwa mabichi ndani, hakuna punje moja iliyokomaa. Aling'oa yote, akaisafisha miti yake, akaifunga pamoja na kuilaza kwa msimu ujao. Nikamuuliza msimu ujao atapanda nini. Akasema hajui, lakini miti haitaoza kwa sababu yeye hajui.

Darasani nilieleza mada yangu, nikafaulu. Profesa Sebastian alisema nimezungumza kama mtu aliyegombana na jambo hilo nyumbani kwake.

Majira ya baridi yote punje zile zilikaa ndani ya chupa, kwenye kabati langu la juu, nami nilikuwa mlinzi. Ryan aligusa chupa siku moja akitafuta chumvi, akaambiwa maneno ambayo nilimwomba msamaha baadaye. Mwezi wa tano baridi ilipokwisha nilipanda zote. Sikuweka akiba, sikujua kwamba mtu huweka akiba. Zilipoota na kurefuka nilizifunga kwenye miti kama mtu anayefunga mzigo, na Mama Tania, aliyekuwa upande wa pili akipanda vitunguu, kitu ambacho si kawaida yake, alivumilia siku mbili tatu. Kisha akazunguka, akafungua lango langu, akazifungua zote na kuzifunga upya bila kusema neno. Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni. Alipalilia kwangu. Alinigombeza kwa maji mengi, akanigombeza kwa maji machache. Lakini hakuwahi kuita yale maharage yake, na ganda hakuligusa.

Katikati ya mwezi wa nane shina la kwanza likakauka. Mengine yalikuwa bado yanageuka, moja hapa, moja pale, na yote yalikuwa na wakati wa kutosha. Nilisimama pale nikawa nacheka peke yangu. Nilivuna lile la kwanza, nikapasua maganda, manjano matupu. Nikayatia bakulini, nikawa sijui nifanye nini. Kumpa siwezi. Nilishajaribu.

Jumamosi iliyofuata niliona mtu langoni. Mama Tania alikuwa amevaa kitenge cha kutokea na kilemba, saa za kazi, juani, na ameshika bakuli tupu kwa mikono miwili. Hakuingia. Alingoja nimkaribishe, mtu ambaye lango hilo alilifungua mwenyewe kila jioni tangu mwezi wa tano. Nikamkaribisha. Akapiga goti kidogo, kwa heshima, kwangu mimi ambaye ni mdogo kwake, na nikaona aibu hadi masikioni.

"Voisine," akasema, yaani jirani, "nakuya kuomba mbegu."

Kwao, alinieleza baadaye, jirani aliyepotelewa na mbegu huenda kwa jirani, na hakuna anayenyimwa. Kinachotoka kwa jirani ni cha jirani. Hakikuwa cha Mungu, hakikuwa chake, kwa hiyo angeweza kukipokea. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu maegesho ya kanisa, mwaka mzima karibu, hadi akaliona mwisho wake.

Nikamuuliza anataka ya shina lipi. Akasema la kwanza kukauka. Nikamuuliza tena, na nadhiri je?

"Nadhiri iko palepale," akasema. "Nitamupatia Mungu ya kwanza yote, ya shamba langu, ya kukula. Lakini ile ya kupanda nitaitenga mbele, nifunge kitambaa ku shina yake tangu maua, nimuambie: hii bado sijavuna, hii ni shamba ya mwaka unakuya. Yeye mwenyewe anajua baridi ya huku. Si iko yake?"

Nilimimina bakuli langu lote katika lake. Sikutaka kubaki na punje. Nilitaka ziende kwa mwenyewe, nimalize ulinzi, nirudi kwenye sukuma wiki yangu.

Mama Tania alizitazama. Kisha akarudisha nusu kwenye bakuli langu, polepole, kwa kiganja.

"Siku tulikimbia, nilibebaga yote mu mufuko moja," akasema. "Mama hakubakia na kitu ya kupanda."

Nilishika bakuli langu, yeye akashika lake. Tukakaa ukingoni mwa kiwanja, na yeye akaanza kunionyesha jinsi ya kuzikausha ili zisiliwe na wadudu.